Kamba Iliyonyooshwa Mno

Kila asubuhi, kabla ukungu haujapanda kutoka mtoni, Mireya Chicaiza alikuwa akinywa kahawa yake ya maziwa akiwa amesimama. Halafu alinyakua begi na kukimbia kuteremka kilima hadi kwenye tarabita. Huku kwetu Pucaloma shule iko ng'ambo ya mto, na kuzungukia daraja la karibu ni mwendo wa karibu nusu siku kwa miguu. Kwa hiyo watoto wa shule, kuku, magunia ya viazi, wagonjwa na hata maharusi, wote tunavuka kwa tarabita. Ni sanduku la chuma linaloning'inia kwa makapi mawili, yaani magurudumu madogo yanayoviringika juu ya kamba nene ya chuma, nayo kamba imefungwa kwenye nguzo mbili, moja kila ukingo. Unaingia, unafunga kilango, na wanaume wa upande wa pili wanakuvuta kwa kamba ya katani. Katikati ya mto unashuka karibu na maji, kisha unapanda tena mpaka ng'ambo.

Baba yake Mireya, Segundo, ndiye mtunza tarabita. Ndiye anayepaka grisi makapi na kuamua nani apande na nani asubiri.

"Mikono ndani, wewe!" alikuwa akimwambia binti yake kila siku. "Ukianguka, mama yako atanila mimi mzimamzima."

"Atakula nini kwako, Baba? Mifupa mitupu!" Mireya alikuwa akijibu, na watoto wenzake wakicheka hadi ng'ambo.

Mimi ni mama yake wa ubatizo, na ninauza mahindi ya kuchemsha pale pale penye nguzo. Haya ninayowasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine Mireya alinieleza mwenyewe baadaye.

Mwezi wa Mei tunasherehekea Mtakatifu Isidro, msimamizi wa wakulima. Siku hiyo sanamu yake inavushwa kwa tarabita ikabariki mashamba ya ng'ambo. Kila mwaka mtu mmoja anabeba gharama za sherehe yote, naye tunamwita prioste. Ni heshima kubwa, lakini pia ni mtego, maana kosa lolote likitokea watu watamcheka mwaka mzima. Mwaka uliotangulia haya ninayosimulia, mto ulikuwa umejaa, sanduku likashuka katikati, maji yakaruka na kuilowesha kanzu ya mtakatifu. Yule prioste masikini mpaka leo hapiti sokoni bila mtu kumuuliza kama kanzu imekauka.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Don Heriberto Llumiquinga, mwenye duka la pembejeo, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi kukasirika. Aliapa mbele ya watu wote kwamba mtakatifu wake hataonja hata tone moja la maji. Akakodi winchi, mashine ya kuvutia kamba, kutoka mjini. Jumatano yeye, Segundo na wanaume wengine waliikaza kamba ya chuma mpaka ikanyooka kama meza. Walipomaliza, Don Heriberto aliipiga kofi ile kamba na kucheka.

"Mnaona? Hiyo sasa ndiyo kamba! Ile iliyolegea ilikuwa ya watu wavivu."

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, msinione mjanja.

Jioni ile upepo ulipoanza kupanda bonde, kamba ililia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, inayoingia sikioni na kukaa humo humo. Miaka yote kamba ile haikuwahi kulia. Mireya aliisikia akiwa anamenya viazi na mama yake.

"Mama, ni nini kile?"

"Upepo tu, mwanangu. Menya viazi."

Mireya aliendelea kumenya, sikio likiwa dirishani.

Kesho yake shuleni, Mwalimu Jacinta alileta ndoo ndogo ya maji na uzi wa katani. Alipitisha uzi kwenye mkono wa ndoo, akawapa Wilmer na Edison, wavulana wenye nguvu kuliko wote darasani, kila mmoja ncha yake.

"Haya, mashujaa," alisema. "Mkiunyoosha uzi huu mpaka ndoo isishuke hata kidogo, leo hakuna kazi ya nyumbani kwa darasa zima."

Darasa lilipiga kelele. Wilmer alitemea mate viganjani. Mwanzoni, uzi ukiwa umelegea, ndoo ilining'inia bila taabu yoyote. Walipoanza kuvuta, iliinuka kidogo. Wakavuta zaidi, mishipa ya shingo ikawatoka. Ndoo iliinuka kidogo zaidi, lakini bado uzi ulipinda katikati.

"Vuta wewe, Edison! Umekula au hukula?"

"Navuta! Wewe ndiye unayebembeleza!"

Mara uzi ukakatika, ndoo ikaanguka, na maji yakawaruka walioketi mbele. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu Jacinta alingoja watulie.

"Ndoo ni ile ile, uzito ni ule ule," alisema. "Kwa nini uzi uliolegea uliibeba, na ule ulionyooshwa ukakatika?"

Mwalimu alichora ubaoni.

"Kitu kikiwa kimetulia, nguvu zinazokivuta juu zinalingana na nguvu zinazokivuta chini. Huo ndio msawazo. Sasa uzi unavuta kwa kuufuata mstari wake. Ukiwa umeshuka sana, sehemu kubwa ya nguvu yake inaelekea juu. Ukiwa karibu kunyooka, nguvu karibu yote inakwenda pembeni, na ni kidogo sana inayopanda juu. Lakini ndoo haijapungua uzito! Basi uzi unalazimika kukazika mno, ili hicho kidogo kitoshe kuibeba ndoo. Ukizidi kuunyoosha, unazidi kuutesa."

Mireya alikuwa ameacha kucheka.

Siku ile alipanda tarabita kurudi nyumbani akiwa peke yake, maana wenzake walibaki kucheza mpira. Walipoanza kumvuta alishika ukingo wa sanduku kwa mikono yote miwili. Katikati ya mto kuna jiwe kubwa jeusi. Siku zote miguu yako ikifika pale, jiwe linakuwa karibu kiasi cha kuligusa. Sasa lilikuwa chini kabisa, na sanduku halikuwa limeshuka kwa kiasi cha kuonekana. Juu ya kichwa chake makapi yalikuwa yakisaga, na ile sauti nyembamba ilikuwa ikipita ndani ya chuma, ndani ya vidole vyake, mpaka kwenye meno.

Aliogopa sana. Alitaka kupiga kelele wamrudishe, lakini kurudi kulikuwa mbali sawa na kufika. Alifumba macho na kusema sala zote alizozijua, na alipozimaliza akaanza tena. Alipokanyaga ardhi, alikaa chini pale pale karibu na sufuria langu.

"Una nini, binti yangu?" nilimuuliza.

"Hamna kitu, Mama Ubatizo," alisema. Uso wake ulikuwa mweupe kama mahindi niliyokuwa nikiyauza.

Wakati wa chakula cha jioni alijikaza akamwambia baba yake.

"Baba, kamba imekazwa mno. Itakatika."

Segundo aliweka kijiko chini. "Nani kasema?"

"Mwalimu Jacinta alituonyesha kwa uzi na ndoo..."

"Kwa uzi na ndoo!" Segundo alicheka, lakini si kicheko chake cha kawaida. "Mwanangu, ile ni kamba ya chuma. Mimi nimeitunza tangu hujazaliwa. Kamba ya hatari ni ile iliyolegea, kila mtu anajua hilo. Unataka nimwendee Don Heriberto, sherehe ni Jumamosi, nimwambie binti yangu kaona ndoo?"

"Lakini wewe utakuwa ndani, Baba!"

"Basi! Kula."

Ndani ya sanduku wangepanda Segundo akiwa ameishika sanamu, Don Heriberto mwenyewe, na wapiga ngoma na filimbi wawili. Mireya alisukuma sahani yake pembeni.

Ijumaa alivuka akiwa amefumba macho, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Jacinta kabla kengele haijalia. Mwalimu alimsikiliza bila kumkata. Kisha akachukua chaki.

"Kamba ilipofungwa zamani ilishuka mita nne katikati, sivyo? Na sasa?"

"Baba anasema mita moja tu. Anajivunia."

"Kutoka nguzoni hadi katikati ni mita arobaini. Sanduku, sanamu na watu wanne, tuseme kilo mia nne. Kila upande wa kamba unabeba ngapi?"

"Mia mbili."

"Haya. Zamani kila mita moja ya kushuka ilikuwa na mita kumi za kwenda pembeni. Kwa hiyo ili ipatikane kilo mia mbili ya kwenda juu, kamba inavutwa mara kumi yake."

"Kilo elfu mbili," Mireya alisema.

"Na sasa, mita moja kwa mita arobaini?"

Mireya alipiga hesabu, akaifuta, akapiga tena. Alitamani awe amekosea. "Elfu nane, Mwalimu."

"Nyuzi zote za ile kamba zikiwekwa pamoja, unene wake ni kama sentimita moja ya mraba. Basi huo ndio mkazo: kilo elfu nane kwa kila sentimita ya mraba. Kwa kamba ya namna ile, tena yenye kutu, mimi nisingethubutu kupita elfu tatu." Mwalimu aliweka chaki chini. "Labda watu wakipanda itashuka zaidi kidogo, na mkazo utapungua kidogo. Hata hivyo, kwa mzigo ule, nisingemruhusu mtu yeyote apande."

"Na mimi nimevukaje leo?"

"Wewe ni mwepesi. Nimekupigia hesabu hapa pembeni, wewe na sanduku. Haifiki elfu mbili. Vukeni mmoja mmoja tu, mtafika nyumbani."

Mwalimu alimpigia simu Don Heriberto mbele ya Mireya. Sauti ya yule mzee ilisikika darasa zima.

"Mwalimu, wewe fundisha watoto, kamba tuachie sisi wanaume!"

Simu ikakatwa. Mwalimu akampigia Segundo, lakini Segundo alikuwa juu kwenye nguzo akifunga maua, na hakupokea. Alirudi nyumbani usiku sana, Mireya akiwa amekwisha kulala.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Ng'ambo nako kulikuwa na watu wengi, na Mwalimu Jacinta miongoni mwao. Tangu alfajiri tarabita ilikuwa imepambwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka kabla ya mtakatifu. Mama yake Mireya alikuwa kanisani akimalizia kuivisha sanamu kanzu mpya. Baruti zilikuwa zinalipuka angani, mbwa wanabweka, ngoma inapigwa. Katikati ya kelele hizo zote, Mireya alisema, yeye alisikia kamba tu.

Wanaume walileta sanamu na kuielekeza kwenye sanduku. Segundo, shati jeupe, nywele zimechanwa vizuri, alifungua kilango. Hapo ndipo Mireya alipopenya kati ya watu, akaingia ndani ya sanduku, akaketi sakafuni na kukumbatia chuma.

"Mireya! Toka humo!" Segundo alisema kwa sauti ya chini.

"Sitoki."

"Jamani, mtoto wa nani huyu?" Don Heriberto alinguruma, ingawa alimjua vizuri tu. "Segundo, unashindwa na binti yako mwenyewe? Mtakatifu anangoja juani!"

Watu walianza kunung'unika. Mwanamke mmoja alisema mtoto huyu ana pepo. Mwingine akasema ni malezi. Mireya alikuwa analia waziwazi, makamasi yanamtoka, na hakuachia kile chuma.

"Mnichape mkitaka," alisema. "Lakini Baba hapandi. Akipanda atakufa."

Segundo alipiga magoti mbele ya kilango. Alimtazama binti yake, akaitazama kamba juu yao. Niliuona uso wake. Haukuwa uso wa mtu aliyekasirika.

"Nionyeshe," alisema.

Mireya alifuta pua kwa mkono wa sweta. Aliomba kipande cha uzi wa kufungia magunia na mtungi wa chicha, pombe yetu ya mahindi. Nilimpa mtungi wangu mwenyewe. Akapitisha uzi kwenye mkono wa mtungi, akampa baba yake ncha moja na Don Heriberto nyingine.

"Unyoosheni mpaka mtungi usishuke," alisema.

"Upuuzi mtupu," Don Heriberto alisema, lakini watu walikuwa wanamtazama, basi akavuta. Segundo naye akavuta. Uzi ulipinda. Wakavuta zaidi. Don Heriberto akawa mwekundu, akajipinda nyuma, akaweka mguu mbele. Uzi bado ulipinda. Segundo, ambaye mikono yake imeshika kamba maisha yake yote, aliacha ghafla kutabasamu. Alikuwa ameuhisi ule mkazo mikononi. Wakati huo huo uzi ulikatika, Don Heriberto akaketi chini kwa kishindo, na chicha yote ikammwagikia kifuani.

Siku nyingine tungecheka hadi machozi. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Leteni mawe," Segundo alisema.

"Segundo, watu wanasubiri..." Don Heriberto alianza, akijipangusa.

"Leteni mawe, Don Heriberto. Uzito wetu na wa sanamu. Yakivuka salama, nitapanda na nitamchapa huyu mtoto mwenyewe. Yasipovuka..."

Walijaza magunia kwa mawe na kuyapakia sandukuni. Segundo alimbeba Mireya akamtoa. Kisha alimpigia simu Mwalimu Jacinta awaondoe watu wote ukingoni, na wavutaji wakae mbali, nyuma ya ukuta wa shule, kwa sababu kamba ya chuma ikikatika inarudi kwa nguvu ya kumuua mtu. Upande wetu pia alitusukuma nyuma, hata wazee, hata wabeba sanamu. Mimi niliacha sufuria langu pale pale na kukimbia.

Sanduku liliondoka polepole. Mireya alijificha nyuma ya baba yake, ameshika mkanda wake. Hakutaka kuangalia, lakini alikuwa akisikia. Ile sauti nyembamba ilipanda, ikapanda, ikawa kali isiyovumilika. Kisha tukasikia tak. Baada ya muda, tak nyingine. Nyuzi za kamba zilikuwa zinakatika moja moja.

"Mama wee," mtu mmoja alinong'ona.

Sanduku lilipofika karibu na jiwe jeusi, kulitokea mlipuko. Kamba ilipita hewani kwa mvumo, ikapiga nguzo ya upande wetu, ikavunja mbao za jukwaa la kupandia tarabita vipande vipande pale pale tulipokuwa tumesimama muda mfupi kabla. Sanduku lilipinduka na kuangukia mtoni. Maji yaliruka juu sana, yakalifunika, na maua ya sherehe yakaonekana yakielea kuteremka na mto.

Kisha mpiga ngoma, mtu mzima mwenye wajukuu, akakaa chini na kulia kama mtoto mchanga. Don Heriberto alivua kofia. Alimwendea Mireya, akamwekea mkono kichwani.

Mtakatifu Isidro alifika ng'ambo jioni, akiwa amebebwa mabegani kwa barabara ya mbali inayopita darajani, na kijiji kizima nyuma yake. Njiani Segundo na Mireya walitembea pamoja. Mwalimu Jacinta, aliyekuja kutupokea darajani, aliungana nao.

"Umefanya hesabu vizuri," Mwalimu alimwambia. "Lakini hesabu peke yake isingemwokoa mtu. Ingebaki ubaoni. Kilichowaokoa ni kwamba uliisema mbele ya watu waliokuwa hawataki kuisikia."

"Niliogopa sana, Mwalimu. Mpaka sasa naogopa."

Segundo alikohoa. Akasimama katikati ya barabara, na watu wakampita kushoto na kulia.

"Mimi pia niliisikia kamba ikilia," alisema. "Tangu Jumatano. Nilijua haikuwa sauti nzuri. Lakini nilinyamaza, kwa sababu niliogopa Don Heriberto atanicheka. Wewe uliogopa mto, mwanangu, na mimi niliogopa kicheko. Nataka ukumbuke hilo ukiwa mkubwa. Ukijua jambo la kweli linalogusa maisha ya watu, liseme, hata kama sauti inatetemeka. Na mtu akikuletea jambo kama hilo, hata akiwa mtoto, usimwambie ale chakula anyamaze. Kaa chini upige naye hesabu."

Mireya alimshika baba yake mkono, mkono uliokuwa mzima na wa moto, akaubana kwa nguvu zake zote, na hakuuachia mpaka walipofika.